Progu ya Januarius

Salu alikuwa juu ya ngazi, amening'iniza spika kwenye nguzo ya turubai na waya ameubana kwa meno, Constantine alipokuja kusimama chini yake na kumuuliza kama nyimbo za dini amezileta.

"Zipo zote, ziko kwenye flashi," Salu alijibu bila kuutoa waya mdomoni. "Ila kuna ule mmoja niliokuambia jana."

Constantine alikuwa kaka mkubwa wa marehemu. Alifikicha macho, mekundu kwa kulia na kwa moshi wa kuni za matanga. "Ule wa kizungu."

"Januarius aliuomba mwenyewe, kaka. Mimi nilikuwa nimekaa pale kitandani kwake."

"Na mimi aliniomba. Nikamwambia anyamaze, hafi." Constantine alitazama upande wa uani, ambako vijana walikuwa wanamalizia kuchimba. "Unachukua muda gani?"

Salu angeweza kudanganya hapo. Mtu mwenye akili zake angesema ni wimbo mfupi tu, halafu yatakayotokea yatokee. Lakini alishuka ngazi akasema ukweli. "Upande mzima wa kanda."

"Wimbo mmoja?"

"Mmoja."

Constantine alicheka, kicheko cha mtu ambaye hajalala. "Hao waliouimba hawakuwa na mashamba?" Kisha akafikiri. "Basi uweke wakati wa kufukia. Kufukia nako kuna muda wake. Nitamwambia katekista kwaya isubiri. Ukiisha wimbo, wao wanaendelea."

Salu alishukuru kwa mikono miwili. Ni fundi redio, ana kibanda nyuma ya soko la Bariadi, na ana vyombo vya muziki anavyokodisha kwenye harusi na misiba. Kufa kufaana, husema watu, na Salu alikuwa amekula sana kwenye methali hiyo. Misiba ya watu alikuwa anaijua kama kazi. Huu wa Nkololo, kijijini kwao Januarius, ulikuwa wake, na tangu asubuhi mikono yake ilikuwa inakosea mambo madogo, plagi ya huku anachomeka kule.

Yeye na Januarius walijuana kwa sababu ya redio kaseti. Mzungu mmoja mchimba visima alikuwa ameondoka Maswa akaacha vitu vyake viuzwe pale Nyalikungu, na Salu alinunua redio ile ili aichinje apate vipuri. Ndani ya boksi kulikuwa na kanda. Januarius, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba na amepanga chumba cha pili kutoka cha Salu, alisikia Salu akiijaribu moja akaja mlangoni na mswaki mdomoni. Alisimama pale mpaka upande ukaisha. Kazini alichelewa siku hiyo.

Muziki wenyewe ulikuwa wa ajabu, kusema kweli. Unaanza na kinanda kama misa, magitaa yanaingia, mdundo unakwenda hivi na kabla hujauzoea unabadilika, mwimbaji anaimba kidogo halafu anapotea, na wewe unabaki unajiuliza kama ameenda kula. Majirani waliuita kelele za wagonjwa. Mama yake Januarius, Mama Felisita, alipokuja mjini kumwona mwanawe alikuwa anafunga mlango wa kati. Aliamini muziki huo ndio uliomfanya mwanawe afikishe miaka arobaini na kitu bila mke.

Kwenye maboksi ya kanda kulikuwa kumeandikwa jina refu la Kiingereza, na Salu alikuwa analisoma hivyo hivyo lilivyo, progresivu roki, kwa adabu. Lakini simu za kisasa zilipofika, Januarius aliingia kwenye kundi la wapenzi wa muziki huo, watu wa nchi ambazo hata kuzitamka ni kazi, akawa anaandikiana nao kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne. Siku moja alikuja kibandani amefurahi mno.

"Fundi, kumbe wenyewe hawaliiti hivyo. Jina lile refu ni la cheti cha ubatizo. Wenyewe wanaita progu tu."

"Progu."

"Eee. Kama wewe. Kanisani wewe ni Salvatory, lakini nani anakuita hivyo? Ukisikia mtu anauliza Salvatory yuko wapi, unajua anatoka benki."

Tangu siku hiyo waliuita progu. Bariadi nzima, na pengine Simiyu nzima, neno hilo lilikuwa na watu wawili. "Leo tunasikiliza progu?" mmoja angesema, na mwingine anafunga kibanda. Sasa mmoja alikuwa ndani ya sanduku, na Salu hakujua neno hilo atamwambia nani. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia, kwa sababu lilikuwa dogo na hakuweza kumweleza mtu.

Mchana jua likiwa kali Constantine alisoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akafanya kazi. "Marehemu alipenda sana muziki wa kizungu," Constantine alisoma, na watu wakatikisa vichwa kwa huruma, kana kwamba wametajiwa ugonjwa. Salu aliinamia mashine yake akajifanya anakaza skrubu.

Sanduku likashushwa. Katekista alibariki, ndugu wakarusha udongo wao, na vijana wakashika makoleo. Constantine alimtazama Salu akainua kidevu kidogo.

Kinanda kilitoka kwenye spika kikatambaa juu ya ua wa minyaa mpaka kwenye mashamba ya pamba. Watu waligeuka. Mwanamke mmoja alimuuliza mwenzake kama ni kanisa gani. Lakini hakuna aliyekataza, na magitaa yalipoingia, vijana walianza kutupa udongo kwa kufuata mdundo, mpaka mdundo ulipobadilika wakapotezana, na mmoja wao akatabasamu huku machozi yanamtoka. Salu alimwona. Wanasikia, aliwaza. Januarius, wanasikia.

Ndipo wimbo ukanyamaza.

Katikati ya wimbo huo kuna mahali vyombo vyote vinanyamaza, kimya kabisa, muda wa mtu kuvuta pumzi mara kadhaa. Januarius alikuwa anapapenda kuliko pote. Alikuwa anainua kidole kimoja na kufumba macho. Mgeni akiwepo chumbani husema hapo, "umeisha," na wao wawili hucheka, kwani baada ya kimya hicho kinanda hurudi polepole kutoka mbali, na sehemu inayofuata ndiyo wimbo wenyewe. Kwa Salu kimya hicho kilikuwa wimbo kama sehemu nyingine yoyote. Hakukumbuka kabisa kumwonya Constantine, wala katekista.

Katekista alisubiri kidogo kwa heshima. Kisha akainua mkono, na kwaya ikaanza.

Waliimba kwa nguvu, na vizuri. Elina, mwanzishaji wao wa nyimbo, alikuwa amepika uji wa waombolezaji tangu alfajiri, sauti imemkauka, na bado alikuwa anaitoa yote. Kidole cha Salu kilikuwa kwenye kitufe cha sauti. Spika zilikuwa zake. Angekizungusha kile kitufe robo tu, asingesikika malaika wala mwanadamu. Alitaka kufanya hivyo. Alimkasirikia katekista, akajikasirikia mwenyewe zaidi, yeye aliyepewa jambo moja tu la kufanya.

Kinanda kilianza kurudi. Salu aliinama nyuma ya mashine akachomoa waya za spika, ya kushoto, kisha ya kulia. Mashine hakuizima.

"Umezima?"

Aliyeuliza ni Mama Felisita. Miguu ilimshinda kusimama kaburini, wakamkalisha kwenye mkeka chini ya turubai, hatua chache kutoka kwenye vyombo.

"Nimetoa spika tu, mayu. Wimbo wenyewe unaendelea."

"Unaendelea wapi?"

Salu alimwonyesha taa ndogo kwenye uso wa mashine, mstari wa kijani, kisha njano, na nyekundu juu. Zilikuwa zinapanda na kushuka. Mama alijivuta na mkeka wake akasogea. Alizitazama muda mrefu.

"Hapo anafanya nini?"

"Hapo kinanda kimerudi, mayu. Bado kiko mbali." Taa ziliruka. "Sasa ngoma zimeingia. Hapo Januarius alikuwa anapiga goti lake kwa kiganja."

"Alikuwa anapiga goti tangu mtoto," mama alisema. "Nilikuwa namchapa kwa hilo." Akajifuta uso kwa khanga. "Huo muziki mlikuwa mnauitaje, nyie wenyewe?"

"Progu."

Waliendelea kuangalia, na Salu akaendelea kumweleza kwa sauti ya chini, gitaa hili, sauti ile, akilia bila kujificha. Kwaya ilimaliza wimbo, ikaanza mwingine, ikaumaliza. Kaburi lilijaa, likapigwa likasawazishwa, msalaba na mashada ya maua vikawekwa. Sylvester, msemaji wa familia, alikuja haraka haraka.

"Fundi, chomeka spika tutoe shukrani. Watu wa Mwanza wana safari."

Salu alinyoosha mkono kuchukua waya. Mkono wa mama ukatua juu ya wake, mkavu na mzito.

"Ngojeni kwanza."

"Mama, muda umekwenda."

"Progu ya mwanangu haijaisha," alisema Mama Felisita.

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini watu wa karibu walisikia. Sylvester aliitazama mashine isiyotoa sauti, akamtazama mama, akamtafuta Constantine kwa macho. Constantine, ng'ambo ya kaburi, alivua kofia. Basi Sylvester naye akafumbata mikono mbele akasimama. Waliokuwa nyuma, wasiojua kinachosubiriwa, walidhani ni sala, wakainamisha vichwa mmoja baada ya mwingine mpaka nje ya ua.

Upepo ulitikisa turubai. Taa zilipanda zote hadi nyekundu zikakaa huko, zimejaa, zikitetemeka. Kisha zikaanza kushuka moja moja, nyekundu, njano, ikabaki ya kijani ya chini kabisa, ikipepesa.