Chupa ya Chai Ilivyokwenda Kumjulia Mkunga Hali

Jumamosi mchana, baada ya kumaliza sare za shule, fundi cherehani aliisogeza mashine ukutani, akapangusa nyuzi mezani, akaiweka chupa ya chai mpya juu ya karatasi yenye maua. Alikata karatasi kwa mkasi ule ule wa vitambaa, jambo ambalo mtu mwingine angelifanya angegombezwa. Akakunja pembe, akabandika gundi, halafu akafunga utepe alioutengeneza kwa masalio ya bitana. Utepe haukukaa sawa. Akaufungua, akaupiga pasi, akaufunga tena.

Chupa ilikuwa zawadi ya kumpelekea rafiki yake, mkunga mstaafu, aliyepasuliwa tumbo na kurudishwa nyumbani kabla mvua hazijaanza. Mvua zilianza, zikaisha, na fundi alikuwa hajakanyaga kwake. Si kwamba hakumpenda. Walikuwa marafiki tangu usichana, na watoto wote wa fundi walipokewa na mikono ya mkunga huyo. Tatizo lilikuwa zawadi. Mwanzoni alitaka kubeba machungwa, lakini jirani yake, mke wa kinyozi, alimwambia matunda ni ya hospitali. Mgonjwa akisharudi nyumbani hupelekewa kitu cha kukaa kabatini. Fundi akafikiria vikombe. Akasikia mke wa mwenye duka ameshaandaa bilauri za miguu, na vikombe vikaanza kuonekana vya kitoto. Akasubiri apate kitu cha maana. Alipokuwa akisubiri, mgonjwa alitolewa nyuzi, akapata homa, akapona homa, na habari zote hizo fundi alizipata kwa watu. Kila alipokaa kwenye mashine alimkumbuka, na ilimuuma. Alitaka amwone kwa macho yake, basi.

Alipoingia chumbani kubadilisha gauni, chupa ilishuka mezani, ikapita mlango wa mbele uliokuwa wazi, ikashika njia.

Mtaani jambo hilo halikuwa geni. Lilianza na zile bilauri za mke wa mwenye duka, ambazo zilitoka zenyewe siku alipocheleweshwa saluni, zikafika kwa mkunga salama bila kuvunjika hata moja. Mwenyewe alishukuru Mungu, akaendelea kutengenezwa nywele. Baadaye blanketi la mwalimu mkuu lilikwenda kumwona mzazi aliyetoka kujifungua. Saa ya ukutani ilikwenda harusini, ikakaa mpaka mwisho, huku mwenyewe akiwa nyumbani ameinua miguu. Watu walilitazama jambo hili kwa kila upande, wakaona hakuna aliyepunjwa. Mwenyeji anapata alichokuwa akikitazamia mlangoni, na mgeni anabaki na Jumamosi yake.

Fundi alitoka mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Kwenye kona, kinyozi alikuwa akimnyoa mteja ndevu.

"Chupa yako imepita sasa hivi," alisema bila kuinua macho. "Imenyoosha na barabara."

"Ilikuwa peke yake?"

"Ulitaka iende na nani?"

Fundi akavaa kiatu cha pili, akaifuata. Aliiona mbele yake ikisubiri pikipiki zipite ndipo ivuke, utepe wake umekaa vizuri kuliko ulivyokaa mezani. Alitaka kuiita, akaona haya. Mtu aliyekwisha kushika safari haitwi nyuma.

Mlango wa mkunga ulifunguliwa na mke wa mwanawe mkubwa. Aliinama, akaichukua chupa kwa mikono miwili. "Karibu, karibu sana ndani. Jamani, mbona mmejisumbua." Akaingia nayo. Aliporudi alimkuta fundi kizingitini, anahema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa yuko?"

"Yuko, anaendelea vizuri. Ila mgeni wako ameshaingia, na daktari kasema asichoshwe. Wawili kutoka nyumba moja watakuwa wengi."

"Nilitaka nimwone tu."

"Ameshaonwa, mama," alisema kwa upole.

Hakuwa na roho mbaya hata kidogo. Alimletea fundi maji ya kunywa na kibao cha kukalia pale barazani, ndipo akaurudisha mlango taratibu.

Dirisha lilikuwa wazi na pazia lilipepea, kwa hiyo fundi aliona vipande vipande. Kochi kubwa lilikaliwa na bilauri za miguu, pasi ya umeme na seti ya sufuria. Kochi dogo lilikaliwa na mablanketi. Chupa yake ilikuwa imepewa kiti cha karibu na mlango, ndiyo haki ya mgeni aliyechelewa. Mbele ya kila mmoja paliwekwa kikombe cha chai kilichokuwa kikipoa. Mkunga mwenyewe alikuwa kwenye kigoda, maana viti vyote vilikuwa na watu wake.

Alikuwa amekonda. Mikono iliyowahi kuwatoa watoto kwa nguvu na lugha kali ilikuwa imelala mapajani. Aliigeukia chupa, akaisimulia alivyozinduka baada ya upasuaji akidhani ameshakufa, alivyowakosoa wauguzi kwa bendeji waliyoifunga ovyo, na walivyomwambia anyamaze yeye ni mgonjwa.

"Niliogopa, mwenzangu," aliiambia chupa. "Sijamwambia mtu."

Chupa ilisikiliza. Fundi alijifuta macho kwa pindo la mtandio. Angeweza kumwita, kutoka pale alipokaa hadi dirishani ni kunyoosha mkono tu. Lakini mtu mwenye adabu zake haongelei madirishani mwa watu, tena akiwa mikono mitupu. Akamaliza maji, akaweka glasi pembeni, akarudi nyumbani.

Baada ya hapo ikawa kawaida. Alituma mashuka aliyoyashona mwenyewe, akatuma foronya, akatuma mapazia yenye marinda. Kusema kweli mambo yalimnyookea. Alishona Jumamosi nzima, na wateja wakaanza kumsifu kwamba siku hizi nguo zinatoka kwa wakati. Kutoka kwa mkunga nako vitu vilikuja, kwa kuwa kutembelewa bila kurudisha ni aibu: birika, kitambaa cha meza, zulia dogo la kufutia miguu. Fundi alivikalisha, akavimiminia chai, akavieleza goti linavyomsumbua na watoto wasivyopiga simu. Havikumkatiza wala kuaga mapema. Vikombe vilipopoa alivinywa mwenyewe.

Halafu siku moja mkunga akaja.

Alikuja kwa miguu, polepole, mkongojo mkono mmoja na mwingine ameshika tumbo. Fundi alikuwa akimpima gauni mke wa mwenye duka, pini zimejaa mdomoni. Mkunga akasimama mlangoni, jasho linamtiririka, anatabasamu.

Kitu cha kwanza fundi alichokitazama ni mikono. Akatazama nyuma ya mkunga, barabarani, labda kuna kinachokuja. Hakikuwapo. Ndipo akamtazama usoni.

Moyo ulimruka kwa furaha. Hilo lisemwe, kwa sababu ni kweli. Siku hiyo alikuwa ameiwaza kwa muda mrefu. Lakini mke wa mwenye duka alikuwa ameshageuka, pini na yote, anamkagua mgeni kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili.

"Na huyu ameletwa na nani?" aliuliza.

"Nimejileta," mkunga alisema. "Nimechoka kuongea na chupa."

Fundi alitema pini kiganjani. Alihisi joto likimpanda shingoni, na hakuwa na hakika aibu hiyo ni yake au ya mwenzake. Hadi jioni mtaa mzima ungekuwa umesikia kwamba rafiki yake wa tangu usichana kamjia mikono mitupu, mchana kweupe, mbele ya mteja.

"Karibu, mwenzangu," alisema. "Nisubiri kidogo hapo barazani, nimalizie hiki kiuno."

Alikusudia kidogo kweli. Ila kiuno kilivuta upande mmoja, pindo likataka kushushwa, na mke wa mwenye duka akakumbuka kwamba mikono nayo inambana. Kutoka nje ulisikika mkongojo ukigonga sakafu, kama wa mtu anayebadilisha mkao. Baadaye haukusikika.

Fundi alipotoka, baraza ilikuwa tupu. Akasogea hadi barabarani. Mkunga alikuwa hajafika mbali. Alikuwa akienda kwa mwendo ambao mtu yeyote angemfikia bila hata kukimbia. Fundi alitaka kumwita, na jina lilimfika kooni. Kisha akamwona kinyozi amesimama mlangoni pake na taulo begani, anatazama, na mke wake pembeni, na kijana mmoja mwenye ndevu nusu. Fundi akarudi ndani kufunga vifungo.

Jumamosi iliyofuata lilikuja sinia. Lilikuwa limefungwa kwa karatasi ya kung'aa, pembe zimekunjwa kwa usafi wa mtu aliyezoea kufunga vidonda. Lilipita katikati ya mtaa watu wakiliona, na mke wa kinyozi alisema hadharani kwamba mkunga ni mtu anayejua mambo. Fundi alilipokea kwa mikono miwili. Alilikalisha kwenye kiti chenye mto, akalivutia meza, akamimina chai. Halafu akakaa mbele yake na kuikunja mikono mapajani.

"Mwenyewe hajambo?" aliuliza.

Sinia lilinyamaza ndani ya karatasi yake.

"Tunashukuru," fundi alisema, akalisogezea sukari.