Furushi Nyuma ya Mlango

Mimi, Feliciano, ndiye ninayewafundisha watu wa kikanisa chetu kumtegemea Mungu. Naomba msicheke mapema. Padiri anakaa Palma, na huku kwetu upande wa Quionga hufika akipata usafiri, kwa hiyo Jumapili nyingi mimi ndiye animadori: nasoma Injili, nahubiri, naongoza sala, na nawaombea wagonjwa kwa sauti ambayo hata majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa, wanaisikia bila kutaka. Bibi Mwajuma wa nyumba ya pili huniita Padiri Mdogo, na mimi, Mungu anisamehe, jina hilo nalipenda.

Mahubiri yangu yalikuwa yale yale: Mungu yupo, tusiogope. Nikimaliza, nilirudi nyumbani kulikagua furushi langu.

Furushi lilikaa nyuma ya mlango. Mwaka ule vita vilipotufikia tulikimbia ovyo, na katika vyote vilivyokuwemo nyumbani mimi nilibeba kifuniko cha sufuria. Sufuria yenyewe niliiacha jikoni. Nilitembea na kifuniko kile siku zote za njia ya Nangade, na huko njiani mama yangu akatufia, tukamzika bila hata kipande cha nguo nyeupe cha kumfunika. Hilo linaniuma mpaka leo. Basi tuliporudi, kabla sijaezeka nyumba, nilifunga furushi. Nilitanguliza kitambaa cheupe, kisha sufuria, blanketi, chandarua, panga dogo na chumvi. Kila jioni nililipigapiga kwa kiganja, kama mtu na mbuzi wake, ndipo nikalala.

Mke wangu Vitória alivumilia, kisha akachoka.

"Baba Januário," aliniambia, "nikitaka chumvi nifungue kamba, nikishatia kwenye mboga nifunge tena. Mimi ni mke hapa au ni abiria?"

"Ni tahadhari tu, mama."

"Jumapili unatuambia Mungu, Jumatatu unaniambia kamba. Lifungue hilo furushi kabla ya Pasaka. Usipolifungua nakwenda kwa kaka yangu Mueda, wewe ubaki na mkeo huyo wa nyuma ya mlango."

Vitória hana masihara. Akisema anakwenda, anakwenda. Niliogopa kweli kweli, na kwa kuwa mimi ni mtu wa imani, nikaamua kungoja ayasahau.

Kwaresima ile maisha yakawa mazuri ajabu. Chakula kilipikwa kingi. Usiku hatukuona baridi, wala mbu hawakutuuma. Mimi ni mwanamume wa kula, si wa kukagua vyombo. Nilidhani mwanetu Januário, anayefanya kazi jikoni kule Afungi kwenye kambi ya gesi, ndiye aliyetuletea vitu. Nilimshukuru Mungu kanisani kwa baraka zile, tena kwa kirefu. Ijumaa moja nililinyanyua furushi kulijaribu, nikaliona jepesi.

"Unaona?" nikamwambia Vitória. "Mungu amenitia nguvu mikononi."

Alinitazama. Kisha akachukua ndoo akaenda kisimani.

Ikabaki Jumapili moja kabla ya Pasaka, na kamba sijaigusa. Injili ya siku ile ilikuwa nyingine kabisa, lakini mimi nikachepuka nikaenda kwenye ile dhoruba ya ziwani, kwa sababu ndiyo ninayoiweza. Niliwacheka sana wanafunzi wa Yesu.

"Bwana wao yumo humo humo chomboni, amelala, na wao wanapiga kelele!" nilisema, nikaipiga altare kwa kiganja. "Watu gani hawa? Imani yao iko wapi?"

Hapo barabarani ukasikika mshindo: paa!

Wa kwanza kutoka nilikuwa mimi. Na mjue kwamba altare iko mbele na mlango uko nyuma, maana yake niliwapita waumini wote. Nilifika nyumbani, nikalitia furushi kichwani, nikakatiza kwenye minazi kuelekea kwenye mikoko. Kanzu yangu ya ibada ilinasa kwenye miiba nikaivua nikaiacha huko, na kwa sababu ya joto sikuwa nimevaa shati ndani yake. Nikajibanza topeni, kifua wazi, nimekumbatia furushi.

Nikageuka kumwambia Vitória ainame, asionekane.

Vitória hakuwepo. Alikuwa amekaa benchi la mbele, na mimi nilikuwa nimempita, na nadhani nilimkanyaga mguu. Furushi nilikuwa nimelikumbuka. Nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona hata nilipokuwa natembea na kile kifuniko. Nikaamua kurudi kumtafuta, ila nilitaka kwanza lile panga lililokuwa ndani. Fundo likakataa kufunguka, nikaikata kamba kwa gamba la chaza.

Ndani mlikuwa na makumbi ya nazi. Makumbi matupu, yamepangwa vizuri mpaka juu. Nikayatoa moja moja, nikitafuta panga, nikitafuta sufuria, nikitafuta kitambaa. Chini kabisa nikakuta shati langu moja, limefuliwa, limekunjwa. Nguo ya Vitória haikuwemo hata moja.

Nikavaa shati, nikarudi nimebeba makumbi yangu, sijui kwa nini. Barabarani palikuwa na lori limeegemea upande mmoja, na kijana dereva amechuchumaa kando yake.

"Desculpa, samahani mzee," akasema. "Ni pneu tu. Tairi la nyuma limepasuka."

Vitória nilimkuta kwa Bibi Mwajuma, ambaye ana mguu mbaya na hawezi kukimbia. Walikuwa wamekaa kizingitini, wameshikana mikono.

"Padiri Mdogo, pole na safari," Bibi Mwajuma akasema. "Huko utokako hawajambo?"

 Nikaliweka furushi chini mbele ya mke wangu.

"Vitu viko wapi?"

"Sufuria unailia kila siku. Blanketi unajifunika, na chandarua unalala ndani yake."

"Na kitambaa cha mama?"

"Kiko altareni tangu Kwaresima ianze. Leo umekipiga makofi mwenyewe."

Nililia pale pale, mbele ya Bibi Mwajuma, mtu mzima na ndevu zangu. Nikamwomba Vitória msamaha kwa kumwacha. 

"Na shati?" nikamuuliza.

"Nilijua utakimbia. Sikutaka ukakimbie bila shati."

"Na zako?"

"Zangu za nini? Lazima pawe na mtu nyumbani ukirudi."

Waumini walikuwa bado kanisani. Walikuwa wamelala chini ya mabenchi, wakainuka, wakajipangusa vumbi, wakawa wananingoja, kwa sababu hawakuwa wamepewa baraka. Nikasimama mbele ya kitambaa kile cheupe, na safari hii sikukipiga. Nikawaambia kwamba wale wanafunzi nawaomba radhi. Wao walipoogopa angalau walimwamsha aliyelala. Mimi niliruka nje ya chombo bila hata kumwita. Nilikomea hapo, na watu wanasema ndiyo mahubiri yangu mafupi kuliko yote, na kwamba niendelee hivyo hivyo.

Jioni Vitória aliwasha moto kwa yale makumbi. Nilikaa karibu naye, nikaitazama sufuria juu ya mafiga na kuitambua. Nilikuwa na swali ambalo nililiogopa kuliko mshindo wa asubuhi.

"Mueda utakwenda?"

Akasukuma kumbi jingine motoni.

"Nitafungasha na nini?" akasema. "Kamba si umeikata."