Mjane Aliyekosa Kapu

"Mtoto ni wa kibanja, shemeji, hilo hata—"

"Nani alimnyonyesha? Kibanja kilimnyonyesha?"

"—hata migomba inajua! Ngoja nimalize kwanza!"

"Ulishamaliza toka siku ya matanga, Apolinary. Umebakiza kufagia uani tu."

Apolinary alikuwa amekaa ndani ya ofisi ya parokia, Bweranyange, kofia magotini. Laurensia, mjane wa mdogo wake, alikuwa anamjibu kutoka nje, viwiko vyake kwenye dirisha. Si kwamba alikatazwa kuingia. Asubuhi hiyo alishaingia, akaamkia vizuri, akakaa kwenye benchi, na kila alipokaa alijikuta amesimama nje, karibu na mkeka wa kahawa. Nyumba zilikuwa haziwezi kumshika tena.

"Funga basi hilo dirisha," Apolinary alimwambia Placidius, fundi wa kompyuta ya parokia.

"Nikilifunga ataongea kupitia ukutani," Placidius alisema, macho kwenye kompyuta.

Ilikuwa mwaka tisini na tatu, na kompyuta ile ndiyo ilikuwa peke yake kata nzima. Placidius alikuwa ameacha chuo kikuu katikati. Aliifundisha mashine ya idara yao idai shikamoo kabla ya kufanya kazi yoyote, na mkuu wa idara, mtu mwenye heshima zake, akakataa kuamkia chuma. Mitihani ikapita mashine imenuna. Placidius akarudi Karagwe na begi lake, na parokia ikafurahi kumpata.

Parokia ilitaka kujua nani anaishi kwa nani, ili miche ya kahawa na blanketi zigawanywe bila kelele. Placidius akabuni chombo cha aina moja tu, akakiita Kapu. Kapu lilikuwa na jina, la mtu au la mahali. Kapu lilibeba makapu mengine. Na kila kapu lilikaa ndani ya kapu moja lililolizidi, moja tu, basi. Parokia ilibeba vijiji, kijiji kikabeba vibanja, yaani mashamba ya urithi ya kila ukoo, kibanja kikabeba nyumba, nyumba ikambeba baba, na baba akabeba mkewe na watoto. Aliwauliza wazee mtu akifa inakuwaje. Wakasema watoto wanakwenda kwa kaka wa marehemu, mke anarudi kwa baba yake. Akaandika hivyo hivyo. Alipowaonyesha, wazee walipiga makofi, wakasema mashine hii imezaliwa Karagwe.

Masika ile Protase, mume wa Laurensia, alikohoa, akakonda, akafa. Placidius akabonyeza kitufe. Kemilembe, binti yao aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto, akaangukia kwa baba yake mkubwa, Apolinary. Laurensia akatafutiwa kapu la baba yake. Baba yake, Theoneste, alivuka mto kutoka Rwanda akiwa amembeba mgongoni, akalima vibarua kwenye mashamba ya watu Nyakasimbi, akazeeka, akafa bila kibanja. Kapu lake halikuwepo. Mashine haikulalamika. Jioni hiyo Laurensia aliingia ndani kuivisha maharage, akajikuta uani na mwiko mkononi.

Majirani walizoea upesi. Kokubanza, wa nyumba ya pili, alimpangia mafiga nje na kumletea kigoda.

"Afadhali wewe," alimwambia. "Mimi mume wangu ananitoa nje kwa fimbo. Wewe unatoka bila hata kuumia."

Laurensia alicheka, kwa sababu Kokubanza alikuwa anasema huku analia. Mvua nayo ilimpata popote, hata chini ya bati, yeye peke yake. Akisimama kwenye migomba aliyoipalilia tangu aolewe, kivuli kilisogea pembeni kidogo, kwa adabu, kama mtu anayempisha mgeni.

"Mimi si mtu mbaya," Apolinary alimweleza Placidius. "Nilimwambia nimrithi. Angekuwa kapuni kwangu leo leo."

"Kapu lako lina wake wawili na wanafinyana," Laurensia alisema dirishani. "Halafu mimi sikuolewa na ukoo. Niliolewa na Protase."

"Mahari tulitoa sisi!"

"Mlimpa nani, kama baba yangu hayumo?"

Apolinary aligeuza kofia yake, akaitazama ndani.

"Kibanja chukua," Laurensia alisema, sauti imeshuka. "Kahawa chukua. Nipe mtoto wangu tu."

"Nimtoe mtoto wa Protase nikamweke mvuani?" Apolinary aliuliza, na machozi yalimlenga kweli.

Placidius alikuwa ameshajaribu kumtengenezea Theoneste kapu. Lilidai kibanja cha kukalia, na kila mwenye kibanja aliyeulizwa alisema waitu, ndugu yetu, kwangu kumejaa. Siku hiyo akajaribu njia nyingine. Alilegeza sharti lake mwenyewe, akamweka Kemilembe kwenye makapu mawili, la Apolinary na la Laurensia mwenyewe, lililokuwa linaelea bila kukaa ndani ya lolote.

Mchana kulikuwa na Kemilembe mmoja kwa Apolinary, anamenya ndizi, na Kemilembe mwingine nje kwa mama yake, anasukwa nywele. Wote wawili waliamkia wakubwa vizuri. Lakini kila mmoja alikula na hakushiba. Yule wa kwa Apolinary akajikwaa, goti la huyu wa kwa mama yake likatoka damu. Baada ya siku chache wote walishikwa na homa, na wote wakauliza kwa sauti moja, "Mama, mbona uko mbali?" hata yule aliyekuwa amelala mapajani kwake.

Laurensia alimsikiliza huyo wa mapajani mpaka usingizi ukamchukua. Kisha akambeba mpaka dirishani kwa Placidius.

"Futa huyu wa kwangu," alisema.

Placidius akafuta. Mgongo wa Laurensia ulibaki na joto kwa muda, na kitenge kikaendelea kufungwa hivyo hivyo, kimetuna.

Jumapili baada ya misa Apolinary alikuja ofisini na Kemilembe, mzima, ameshiba, ili jambo lithibitishwe. Placidius alimtazama mtoto kwenye mashine, kisha akamtazama kwenye benchi. Alikuwa mmoja. Laurensia alikuwa dirishani kama kawaida, amelowa, ingawa jua lilikuwa linawaka. Mtoto aliteremka kwenye benchi, akaenda kushika vidole vya mama yake kati ya nondo, akawa anavikunja kimoja kimoja.

"Basi yameisha," Apolinary alisema, akavaa kofia. "Hakuna aliyeonewa. Mashine haina ndugu."

"Fundi," Laurensia aliita.

"Naam, dada."

"Na huyu mtoto naye ana kapu lake?"

"Kila mtu analo."

"Lina nini ndani?"

Placidius akaangalia. Hakuwa amewahi kuangalia huko, kwa nini aangalie.

"Halina kitu," alisema.

Apolinary alikuwa ameshafika mlangoni, anamwonyesha mtoto kwa mkono kwamba waondoke. Kemilembe hakuachia vidole.

"Basi nitie humo," Laurensia alisema. "Andika kwamba huyu ndiye mama yangu."