Vichupa Kumi na Viwili Bila Lebo

Fundi wa maabara alikuwa na sheria moja: lebo huandikwa kwa penseli. Wino hauwezani na spiriti. Kwa miaka kumi na tisa aliwakaripia wanafunzi na wahadhiri, hata mgeni aliyekuja kutengeneza friji tu. Asubuhi ile alifungua kabati akakuta vichupa kumi na viwili, spiriti imegeuka samawati, lebo nyeupe pe. Mwandiko uliofutika ulikuwa wake mwenyewe.

"Mkuki kwa nguruwe," alinong'ona.

Kila kichupa kilikuwa na mkono mmoja wa kiinitete, mdogo kuliko punje ya mchele. Mingine ilikuwa ya popo, mingine ya panya, na katika umri ule hata mama zao wasingeitofautisha.

Mwanafunzi wa shahada ya udaktari wa falsafa akaingia akiimba. Walimwita Bi Popo kwa sababu hakuwa na mazungumzo mengine.

"Mama, shikamoo! Vipenzi vyangu vimeamkaje?"

"Marahaba. Kaa chini kwanza. Nimekuharibia kazi."

Bi Popo alitazama lebo, akakaa bila kuangalia kama kuna kiti. Bahati nzuri kilikuwepo. Popo wake walibeba mimba mara moja kwa mwaka, na ufadhili ulibakiza miezi minne. Mikono hii ikipotea, shahada nayo imekwenda.

"Kwani uliandika na nini?"

"Kalamu. Usiniulize mara mbili."

Macho ya binti yakang'aa. "Mama, si tuna rangi? Popo utepe mpana, panya utepe mwembamba. Tunavitenganisha sasa hivi!"

Rangi ya zambarau waliyotia kwenye mikono ile ilishika, kama utepe, pale tu jeni fulani, ile inayohimiza mkono ukue, ilipokuwa inafanya kazi. Panya anayo, popo anayo. Fundi aliwaeleza wanawe hivi: chumvi ni ileile, mboga hubadilika kwa kiasi ulichotia na wakati ulioitia. Bi Popo alitaka kuonyesha kwamba kwa popo jeni hiyo hufanya kazi kwenye eneo pana zaidi, na mkono ukaanza safari ya kuwa bawa.

"Wewe binti, una wazimu? Upana wa utepe ndio unaotaka kuuthibitisha. Utavipangaje kwa utepe, halafu useme utepe umekubali? Huo ni wizi wa mtihani."

"Sasa tufanyeje?"

"Tuache kulia, kwanza. Nitakata kijinyama kwenye shina la kila mkono, mbali na rangi. DNA itasema nani popo, nani panya. Lakini kabla ya hapo utakaa kwenye darubini, uandike unachodhani kwa kuangalia utepe, kichupa kwa kichupa. Karatasi anakaa nayo Profesa, msimamizi wako, isiguswe tena."

Binti alipomaliza, karatasi ikatiwa kwenye bahasha, na walimkuta Profesa akipambana na kifuniko cha chupa ya chai.

"Nimefuta lebo zote kumi na mbili," fundi alisema kabla hajaulizwa. "Niliziandika kwa kalamu."

"Wewe?" Profesa alisahau chai. "Wewe uliyenifokea mbele ya wageni?"

"Mimi huyuhuyu. Cheka umalize, tuna kazi."

Profesa alicheka mpaka akafuta miwani, ndipo akaipokea bahasha.

Kesho yake mchana walikusanyika watatu. Fundi alisoma matokeo ya DNA, Profesa akasoma karatasi ya binti.

"Moja: panya."

"Panya."

"Mbili: popo."

"Popo."

Kufika cha saba, Bi Popo alikuwa amemkamata fundi mkono hadi kucha zikaingia. Kufika cha kumi na moja, hawakuwa wamepishana hata mara moja.

"Kumi na mbili," fundi alisoma, akakunja uso. "Hakuna jibu. Kijinyama kilikuwa kidogo mno."

"Unajua," Profesa alisema, "hii ni bora kuliko mlivyopanga. Ulitazama bila kujua kipi ni kipi. Nani atasema ulijipendelea? Na cha kumi na mbili, binti, umeandika nini?"

"Popo. Utepe mpana kuliko vyote, mzuri ajabu." Alimtazama fundi, akashusha pumzi. "Lakini bila DNA sikihesabu. Andikeni kumi na moja."

"Haya," alisema fundi, akiuchomoa mkono wake na kuusugua. "Sasa umeanza kuwa daktari. Nenda ukale, tangu jana hujatia kitu tumboni."