Mlango wa Nyuma

Bibi Zamda aliingia katika nyumba yake mpya akipapasa ukuta kwa kiganja, kama mtu anayemzoea ng'ombe mgeni. Alipita sebuleni, akapita chumba cha kwanza, akaingia cha pili. Hapo alisimama akagonga tofali kwa vifundo vya vidole.

"Gumu," alisema.

"Gumu kabisa, bibi," Elina alijibu, uso umemchangamka. "Matofali ya kuchoma, na saruji sikuipunja. Masika ije na vishindo vyake, wewe utaisikia juu ya bati tu."

"Na mlango wa pili uko wapi?"

"Mlango ni ule mmoja, bibi. Nyumba zote ziko hivyo."

Bibi Zamda alikaza khanga yake kiunoni, akatoka nje, akarudi kwenye kibanda chake cha udongo kilichokuwa ng'ambo ya uwanja. "Basi mpeni mtu mwingine," alisema bila kugeuka.

Elina alibaki na mwiko wake wa uashi mkononi. Alikuwa fundi mwashi kutoka Mashewa, mwanamke wa makamo aliyefundishwa kazi na baba yake. Kiangazi hicho chote alikuwa hapa Chogo, ndani kutoka Kabuku, akijengea familia zilizokimbia vita vya Somalia miaka mingi nyuma. Wazigua hawa, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka nchi hii hii, walikuwa wamerudi mikono mitupu, na vibanda vyao vilianguka kila masika. Katika nyumba zote, ya Bibi Zamda ndiyo aliyoipenda zaidi. Kuna siku timazi ilimwonyesha kuwa ukuta umelala kidogo, kidogo ambacho jicho la mtu lisingekiona, akaubomoa na kuanza upya.

Abdulaziz, msimamizi wa mradi, alipopata habari alishusha pumzi. "Kesho tunakabidhi, fundi. Akikataa, nitampa mwingine. Si kwa ubaya. Wewe mwenyewe unawaona wanaosubiri."

Elina alivuka uwanja. Alimkuta bibi anachambua mchicha mlangoni, akapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usije kunibembeleza."

"Sikuja kubembeleza. Nimekuja kuuliza kosa langu."

Bibi Zamda aliendelea kuchambua. Kiswahili chake kilichanganyika na Kizigua, naye Elina, aliyekua akizungumza Kishambaa, lugha inayokaribiana nacho, hakupata tabu kumwelewa.

"Huna kosa. Umejenga vizuri, na ndilo tatizo lenyewe. Kule kwetu, karibu na mto Juba, walikuja wenye bunduki wakasimama mlangoni. Mlango mmoja. Sisi tuko ndani na watoto. Mume wangu akachukua jembe akapasua ukuta wa nyuma. Ulikuwa wa udongo, mwanangu. Ulikubali. Tukatoka kwenye tundu lile, tukaingia kwenye mahindi." Aling'oa jani lililooza. "Tulitoka wote isipokuwa yeye. Sasa niambie, ukuta wako ule, mtu anaupasua kwa jembe?"

Elina aliinuka polepole. Maishani mwake hakuwahi kuambiwa kuwa uimara wa kazi yake unaweza kumtisha mtu.

Alirudi kwenye ile nyumba, akasimama katika chumba cha pili akiutazama ukuta wa nyuma. Palikuwa na dirisha pale, na juu yake lenta nzuri ya zege iliyobeba mzigo wote. Chini ya dirisha matofali hayakubeba kitu ila uzito wao. Alikwenda moja kwa moja kwa Abdulaziz.

"Naomba niligeuze dirisha lile liwe mlango. Lenta ipo tayari."

"Mlango wenyewe sina. Na ramani haina mlango pale."

"Mlango nitautafuta mimi."

Abdulaziz alikuna shingo, akaitazama ramani, kisha akaikunja. "Ukuta ukipata ufa, fundi, utajibu wewe."

"Nitajibu mimi."

Kesho yake alianza alfajiri kwa tindo na nyundo. Hiza, mbeba matofali mwenye mabega mapana, alikuwa anapokea vipande. Kazi ilikuwa nzito. Kila tofali lilishikilia jirani yake kama lina kinyongo, na jasho likamwingia Elina machoni. Bibi Zamda alisikia vishindo, akaja kusimama nyuma ya nyumba, mikono kifuani.

"Linakataa," alisema.

"Linakataa kwa sababu nililijenga likatae, bibi."

Kwa mara ya kwanza bibi alicheka. Kisha akaenda zake, akarudi akikokota mlango wa kibanda chake, mabati ya debe yaliyobondwa na kupigiliwa kwenye mbao. "Huu unafaa?"

Elina aliupima kwa macho. "Tutaufanya ufae."

Waliukata kwa chini, wakaujazia ubao ubavuni, wakaufungia bawaba. Komeo Elina aliliweka kwa ndani, chini kidogo, mkono wa mzee unapofika bila kujinyoosha. Hata kabla hajamaliza kulipigilia, bibi alitaka kujaribu. Alisimama katikati ya chumba, akaenda mlangoni, akavuta komeo, akatoka hadi kwenye mihogo iliyokuwa nyuma ya nyumba. Akarudi. Akaenda tena, upesi zaidi. Mara ya tatu alifumba macho, na mkono wake ukalipata komeo bila kupapasa.

Alileta mkeka, akautandika kwenye sakafu, akajinyoosha. "Nasikia ubaridi wa sakafu tu," alisema.

Elina alichukua nyundo ili apigilie msumari wa mwisho. Alipouelekeza, alisikia pumzi nzito nyuma yake. Bibi Zamda alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, miguu yenye vumbi imelegea, mchana kweupe huku watu wakipita uwanjani.

Elina aliishusha nyundo, akaiweka chini taratibu.

Mbali kidogo, Abdulaziz alikuwa anakuja na pikipiki, wageni wa makabidhiano wakimfuata kwa miguu. Elina alitoka akainua mwiko wake juu, akautikisa, kisha akaweka kidole mdomoni. Abdulaziz alimtazama, akautazama mlango uliokuwa wazi. Akazima injini, akashuka, akaanza kuisukuma pikipiki kwa mkono.