Jicho la Mvunja Kokoto

Ilikuwa siku ya tatu Mwajabu hajavunja hata debe moja la kokoto. Sababu ni kijana mmoja aitwaye Venance, msomi wa mambo ya kale, aliyetandika kitambaa katikati ya korongo la Mwajabu kule Bunju na kupanga mawe juu yake kama muuza dagaa. Mwaka huo wa tisini na tatu kila mtu alikuwa anajenga, malori yanafuata kokoto mpaka mlangoni, na yeye amekaa mikono mapajani.

"Zikithibitika ni zana za kale, mama, hapa patafungwa," Venance alisema kwa adabu, na adabu yenyewe ikazidi kumkera. "Tazama makali haya."

Miaka kumi na mbili ya nyundo, leo anafundishwa jiwe. Mwajabu aliinama, akayaokota moja moja.

"Hili nimevunja mie juzi. Na hili. Unaona kidoa cheupe, kama unga? Hapo ndo nyundo ya chuma ilipogonga. Mtu gani wa kale alikuwaga na nyundo ya chuma, baba?"

Venance akasogeza miwani. Alitazama la kwanza, la pili, mpaka la mwisho, na kila moja lilikuwa na kidoa chake. Akaona haya. Akaomba radhi, akasema ataandika kwamba hapana kitu, mama aendelee na kazi yake.

Mwajabu alishukuru Mungu, akashika nyundo. Venance naye akaanza kukunja kitambaa. Pembeni alikuwa amekigandamiza kwa jiwe la hudhurungi, upepo usikipeperushe. Akalitupa kule bila kuliangalia.

Hapo uzalendo ukamshinda Mwajabu.

"Sasa wewe umesomea nini? Hilo ndo lenyewe. Limegongwa kwa jiwe mwenzie, huku na huku, na makovu yake yote yameshika rangi ya udongo. Hilo si langu, wala la mtu yeyote ninayemjua."

Venance akaliokota. Akaligeuza, akaligeuza tena, halafu akakaa chini mchangani.

Mdomo huponza kichwa, na Mwajabu alilijua hilo kabla kijana hajatoa kalamu.

"Mpaka Ijumaa uwe umehamisha vitu vyako, mama," Venance alisema bila kumtazama. Kisha akamwomba majina yake kamili, maana aliyeligundua lazima aandikwe.

Mwajabu akamwambia aandike "mjinga", akaanza kukusanya madebe.