Mtu Aliyesimama Kushoto

Saa saba na dakika kumi, kila siku ya kazi, Kalekye alifunga mlango wa chumba cha kompyuta, akafungua mkebe wake wa chapati na maharagwe ya madondo, akaweka kijiko upande wa kulia wa kibodi, kisha akafungua faili tatu. Hazikuwa za wateja wa studio ya picha alikofanya kazi. Zilitoka kwenye hifadhi ya darubini iliyo angani, ambako mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuchukua picha kabla hazijatiwa rangi. Zote tatu zilikuwa za wingu moja la vumbi na gesi, na zote zilikuwa nyeusi na kijivu, kila moja imepigwa kupitia kichujio chake. Kazi yake ilikuwa kuzilinganisha nyota kwa nyota, kufuta madoa, kisha kutia bluu kwenye picha ya mawimbi mafupi, kijani kwenye ya katikati, na nyekundu kwenye ya mawimbi marefu. Akizilaza moja juu ya nyingine, kile kilichofanana na moshi wa jiko kinakuwa kitu ambacho hakuwahi kukipatia jina. Wingu moja lilimaliza wiki mbili za saa za chakula.

Alhamisi hiyo ya mwezi wa Aprili hakufika kwenye chapati ya pili. Upande wa kushoto wa wingu, chini ya nguzo ndefu ya vumbi, alikuwa amesimama mwanamume aliyeshika pimamaji, kipimo cha usawa cha waashi.

Kalekye alifanya kile ambacho mtu yeyote wa kazi hii hufanya. Akakagua faili la pili na la tatu. Doa linaloletwa na chembe iliyogonga kamera huonekana kwenye picha moja tu, na programu hulitupa bila kuuliza. Kitu cha kweli huonekana kwenye zote. Mwanamume alikuwa kwenye zote. Katika ile ya mawimbi marefu, ambayo hupenya vumbi, fulana yake ya rifleta, ya watu wa mjengo, iling'aa hadi mistari yake ikatoa miale, kama zinavyofanya nyota kubwa. Hakuwa na helmeti. Kichwani alikuwa na kofia ya marvin ya sufu, imevutwa hadi masikioni.

Halafu, kwa kuwa mkono ulikuwa umezoea, alichukua brashi ya kunakili, akachota vumbi la pembeni na kumfuta. Ilimchukua dakika nne. Akala chapati ya pili.

Kesho yake alipofungua faili, mwanamume alikuwa amerudi, hatua moja karibu zaidi.

Jumamosi Kalekye alienda Westlands kwa Simran, daktari wa meno ambaye hufunga kliniki saa saba na kuwaachia wenzake skrini kubwa anayoonyeshea wagonjwa eksirei. Walikuwa watu watano waliojuana kwa kupaka rangi nyota. Kalekye, ambaye huongea kwa sauti ndogo hata akiagiza chai, aliuliza kama kuna mwingine aliyemwona mtu.

"Mwenye pimamaji?" Simran alisema. "Ako kwa yangu pia. Na mimi nafanya galaksi, si wingu."

"Mimi namkata," alisema Tobias, mwalimu wa fizikia. "Anaharibu mpangilio."

"Mimi nimemwacha. Anasaidia mtu kujua ukubwa wa kitu."

"Ukubwa gani, Simran, na huyo mtu ana urefu wa miaka mitatu ya mwanga?"

"Basi si ni ukubwa."

Wakacheka, wakapitisha sahani ya bajia. Tobias alipendekeza waelewane kama kikundi: ama wote wamfute au wote wamwache, picha zisitofautiane. Walipiga kura. Watatu walitaka afutwe, mmoja aachwe. Kalekye hakuinua mkono. Alikuwa anaitazama ile skrini, na alikuwa ameanza kukumbuka kwamba ameshawahi kumfuta mtu huyo kabla.

Ilikuwa Jumanne moja ya mwezi wa Machi, saa kumi jioni. Mwanamume kwa jina Norman, kutoka kampuni ya ujenzi, alipanda ngazi za studio iliyoko Biashara Street akiwa na picha thelathini za mjengo wa Hurlingham, zilizopigwa asubuhi ya siku hiyo. Alitaka zisafishwe. Alikuwa na adabu, na viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi la kijivu. Alimwonyesha Kalekye mifuko ya simiti iliyopasuka, akataka iondoke, na dimbwi la maji, nalo liondoke. Kwenye picha ya kumi na mbili aliweka kidole upande wa kushoto, juu ya mwanamume mwenye marvin na pimamaji.

"Na huyu, madam. Hana helmeti. Anachafua picha."

Kalekye alimfuta, akafuta na kivuli chake, maana watu wengi husahau kivuli. Mahali pake akatia matofali na kipande cha mawingu. Norman alishukuru akaondoka. Ilikuwa taarifa ya habari ya usiku iliyosema kwamba saa nane mchana wa siku hiyo slabu ya zege ya ghorofa ya tano ya mjengo mmoja Hurlingham ilikuwa imeanguka mpaka chini. Walitolewa watu wanane. Orodha ya msimamizi ilikuwa na watu wanane. Uchimbaji ukasimamishwa.

Jumatatu baada ya kura ya Westlands, Kalekye alimweleza Amirali, mwenye studio. Amirali alikuwa amefanya kazi kwenye chumba cha giza miaka hamsini na alikuwa anafuta lenzi kwa pindo la shati lake. Aliendelea kufuta.

"Mwanga haipotei," alisema. "Baba yangu alitoa bibi harusi moja kwa picha ya ukoo, mwaka wa sitini na nne. Familia ilikasirikia yeye. Huyo bibi akatokea kwa picha ya paspoti ya watu miezi mbili, nyuma ya bega. Ukitoa mwanga hapa, lazima itakaa pahali."

"Ikaishaje, mzee?"

"Baba alirudisha yeye kwa picha, ikaisha. Yetu ya kwanza, kabla wewe futa, iko?"

Haikuwepo. Kila Ijumaa jioni Kalekye hufuta picha asili za wateja, kwa sababu hivyo ndivyo studio inavyotunza siri zao, na imeandikwa ukutani.

"Basi," Amirali alisema. "Wewe kaa kimya tu, Kalekye. Mteja akisikia tunasema sema, nani ataleta picha hapa?"

Kalekye alikaa kimya. Alikuwa na kipaji cha kukaa kimya.

Jumatano alikuja mama mmoja akiwa na kitambulisho cha kijana wake, akitaka picha yake ikuzwe. Jina lake lilikuwa Nzula. Alikuwa ametoka Mwingi wiki tano zilizopita na kukaa kwa binamu yake tangu siku slabu ilipoanguka. Kijana wake, Mwangangi, alikuwa kibarua wa siku ya kwanza. Kwenye ule mjengo, vibarua wapya huandikwa jioni, wakati wa kutoka, ili anayetoroka mchana asiandikwe bure. Slabu ilianguka saa nane. Kwa hiyo Mwangangi hakuwa ameandikwa popote, na wenzake waliobaki walikuwa wamepewa kazi kwenye mjengo mwingine na hawakuwa wanashika simu. Kulikuwa na kamati ya uchunguzi, ambayo ingekaa Ijumaa. Kama hakuna wa kuonyesha kwamba kulikuwa na mtu wa tisa, kampuni ingeruhusiwa kujaza shimo kwa zege.

"Sitaki kitu kingine kwao," Nzula alisema. "Nataka wachimbe. Nimzike nyumbani."

Kalekye aliutazama uso uliokuwa kwenye kitambulisho. "Alikuwa amevaa nini, mwaitu?" aliuliza, akimwita mama kwa Kikamba, kwa heshima ya kwao, kwa sauti ambayo ilibidi Nzula ainame kuisikia.

"Marvin ya kijani. Nilimfumia mwenyewe. Nilikosea mshono mstari mmoja hapa juu ya sikio, nikasema nitaufumua, akasema wacha, mama, nani ataona."

Kalekye alimvutia kiti kwenye chumba cha kompyuta, akafungua wingu, akakuza upande wa kushoto, akaendelea kukuza. Darubini ile inaona mbali sana. Juu ya sikio, mshono ulikuwa umepinda.

Nzula aliangalia kwa muda mrefu. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Amekonda," alisema. "Hapo ni wapi?"

"Ni mbali, mwaitu. Mwanga wa huko huchukua miaka elfu saba kufika hapa."

"Na hakuna hata kivuli cha kukaa." Aligusa skrini kwa ncha ya kidole. "Alifikaje huko?"

Hapo ndipo Kalekye angesema. Maneno yalikuwa tayari, yamejipanga. Nje mteja alikuwa anabishana na Amirali kuhusu rangi ya ukuta wa nyuma wa picha za visa.

"Sijui," alisema.

Siku mbili zilizofuata hakula saa ya chakula. Alizilinganisha zile picha kuliko alivyowahi kulinganisha kitu chochote. Alitia kijani kwenye marvin kwa maelezo ya Nzula, akaacha uso bila kuugusa. Alichapisha picha yenye upana wa mita moja kwa karatasi bora ya studio, na Amirali, aliyeona yote, akamtafutia fremu.

Ijumaa waliibeba kwa miguu, Nzula upande mmoja na Kalekye upande wa pili, wakavuka Moi Avenue kati ya watu waliowapisha bila kugeuka. Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa ghorofa ya tatu. Mwenyekiti, Bi. Mwihaki, alikuwa mama mpole aliyewaambia waweke fremu juu ya meza, wawe waangalifu na chai. Wanakamati wote wanne walisimama kuitazama. Mmoja aliuliza kama ile nguzo ya katikati ni moshi.

"Tunamwona," Bi. Mwihaki alisema. "Hakuna mtu anakataa tunamwona, mama. Hata mshono tumeuona. Lakini hapa si Hurlingham. Kamati hii imepewa mipaka, na mwisho wake ni ukuta wa mjengo."

"Ni yeye," Nzula alisema.

"Ni yeye. Lakini hayuko kwa mjengo."

Norman aliitwa. Aliweka mezani zile picha thelathini, na saa ya kila moja imeandikwa chini. Bi. Mwihaki alizipitia polepole, akafika ya kumi na mbili. Matofali yalikuwa safi na mawingu yalikuwa mazuri.

"Kuna mtu yeyote hapa ana neno kuhusu hizi picha za kampuni?"

Norman aligeuka akamwona Kalekye, akamsalimia kwa kichwa, kama mtu anavyomsalimia fundi wake. Kalekye alikuwa ameshika fremu kwa mikono yote miwili. Alijiambia kwamba akiiachilia itaanguka. Bi. Mwihaki alisubiri muda wa kutosha. Ilikuwa kamati ya haki na ilisubiri kila mtu. Kisha akaandika.

Zege lilimwagwa Jumatatu. Magari yenye mapipa yanayozunguka yalipanga foleni kwenye Barabara ya Argwings Kodhek kuanzia saa mbili asubuhi, na kufikia saa tisa kazi ilikuwa imekwisha. Jumatano darubini ikatoa picha mpya. Mwangangi alikuwa palepale, na pimamaji lake, lakini kitu cha kijivu kilikuwa kimepanda hadi kifuani. Kalekye alijaribu vichujio vyote. Mawimbi marefu hupenya vumbi. Zege hayapenyi.

Nzula hakurudi Mwingi. Alipata kazi ya kufua nguo Hurlingham, kwenye nyumba ambayo roshani yake inautazama ule mjengo, na siku za mapumziko alikuja studio saa saba na dakika kumi. Amirali alimwekea kiti chake. Kalekye alifungua faili, Nzula akakaa na kumtazama kijana wake, akimweleza habari kwa Kikamba: nani ameoa, mbuzi gani amezaa. Kijivu kilifika mabegani. Kikundi cha Westlands kilikuwa kimeheshimu kura. Picha zao zilikuwa safi, na moja ya Tobias ilichapishwa kwenye kalenda.

Siku moja ya Julai, baridi ikiwa kali, Nzula alitoa kitu kwenye kipochi chake. Ilikuwa marvin ya kijani, mpya.

"Hii sijakosea," alisema. "Nimehesabu kila mshono. Ni yako."

"Hapana, mwaitu."

"Inama."

Kalekye aliinama. Nzula alimvalisha, akaivuta hadi masikioni, akamtengeneza nywele za pembeni kwa kidole chenye harufu ya sabuni ya kipande.

"Nairobi yote hii," alisema, "ni wewe pekee ulimwona mtoto wangu. Mungu akuone nawe."

Kwenye skrini kijivu kilikuwa kimefika kidevuni. Mlango ulikuwa wazi, na watu watatu wa picha za paspoti walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja. Kalekye alisimama. Akaongea, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Amirali alimsikia kutoka kaunta.

"Alikuwa kwa picha ya kampuni, mwaitu. Ya kumi na mbili, upande wa kushoto, na marvin yake. Ni mimi nilimfuta. Ilinichukua dakika nne, na kwa ile kamati nilikuwa najua."